Umepandisha injini nyingine, gari limegoma? Usikimbilie kununua ya pili!

SHEMEJI yangu mmoja, mdogo wake mama watoto, alinigongea mlango Jumamosi moja saa moja asubuhi, hata uji sijapuliza. Kumtazama usoni nikajua hapa kuna msiba.

"Nani kafa?" nikamuuliza.

"Hajafa mtu, shemeji," akanijibu. "Imekufa injini."

Sasa sikia kisa, msomaji wangu. Kijana ana Toyota Mark II GX81 ya mwaka 1990. Ilikuja na injini ya 1G-FE, lita mbili, silinda sita, nguvu za farasi 135. Gari la heshima, halina papara. Lakini ujana nao! Kaangalia video za Wajapani wanaoteleza kwenye kona kama samaki kwenye mafuta, damu ikachemka. Akaitaka 1JZ-GTE, lita mbili na nusu, yenye taabo mbili, ambayo Toyota walianza kuiweka kwenye Mark II mwaka huohuo wa 1990 na kuitangaza kuwa na farasi 280. Yaani mara mbili ya ile ya kwanza, na chenji inabaki.

Injini kaipata, ya mtumba kutoka Japani, pamoja na waya zake na kontroli boksi yake. Fedha kazitoa wapi? Hapo ndipo penye kidonda. Zilikuwa fedha za tofali. Yeye na mkewe walikuwa wamezidunduliza miaka miwili ili waanze msingi wa nyumba. Kamwambia mwenzake, "Nitazirudisha ndani ya miezi mitatu." Miezi ikawa mitano, gari bado liko gerejini. Siku moja linawaka, tatu limelala. Likiwaka linanguruma lenyewe, linapanda na kushuka kama lina pepo. Likikanyagwa linakohoa. Likikutana na foleni linachemka. Fundi naye kachoka, katoa hukumu: "Kaka, hiyo injini uliyouziwa ni mbovu. Tafuta nyingine."

Ndipo kijana kaja kwangu kukopa. "Niokoe shemeji, mke wangu kashafunga mizigo, anasema Ijumaa anarudi kwao."

Mkopo sikumpa. Nilimpa siku yangu nzima, mita yangu ya umeme na kipande cha waya. Mimi si fundi wa kuandikwa kibao, lakini nimewahi kuungua kwa moto huohuo, majivu yake nayajua.

PIMA KWANZA, HUKUMU BAADAYE

Tulipofika gerejini jambo la kwanza lilikuwa kuuliza: mgonjwa ni mgonjwa kweli? Tukachomoa plagi zote sita, tukazima njia ya mafuta na ya moto, akselereta chini kabisa, tukapima kompresheni silinda moja moja. Zote zikasoma juu, na zote zikakaribiana. Hakuna iliyoachwa nyuma na wenzake.

Kwa nusu saa tu ile hukumu ya "injini mbovu" ikawa imekufa. Fundi akanyamaza. Sikumcheka, kwani makosa haya ni ya wengi. Injini inapohamishwa kutoka gari hadi gari, mara nyingi chuma chenyewe hakina neno. Tatizo linakaa pale mkono wa mtu ulipopita: waya uliounganishwa, mpira uliokatwa, bomba lililosahauliwa. Shuku kilichoguswa kabla hujashuku kisichoguswa.

Kingine ni kurekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadili vitano kwa mkupuo, gari likipona hujui dawa ilikuwa ipi, na likizidi kuumwa hujui sumu ilikuwa ipi.

UMEME UNAKWENDA, UNARUDI WAPI?

Stata ilikuwa inazunguka kwa uchovu, na betri mpya. Nikaweka mita kwenye volti, ncha moja kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye nguzo hasi ya betri, nikamwambia kijana apige stata. Hapo inatakiwa usomaji usizidi nusu volti. Yetu ikasoma zaidi ya mbili!

Maana yake ethi ya injini hakuna. Ule waya mnene unaofunga injini na bodi ulibaki kwenye injini ya zamani, kwenye kona ya gereji, unalia peke yake. Umeme lazima urudi kwenye betri, ukikosa barabara unapita vichochoroni. Ulikuwa unapita kwenye waya wa akselereta, ndiyo maana plastiki yake imeyeyuka na fundi alidhani ni joto la taabo. Tukafunga waya wa ethi, tukakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Stata ikazunguka kama cherehani.

Msomaji, waya huo ni wa bei ya mboga. Kijana alishanunua betri kwa ajili yake.

ACHA TAA IKWAMBIE

Toyota za umri huo hazihitaji mashine ya kisasa ili ziseme. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna matundu yenye majina. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, uwe mwangalifu usikosee tundu, kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Ile taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo kwa mwendo sawa, haina malalamiko. Vinginevyo inahesabu tarakimu: mbili, inapumzika, mbili tena. Hiyo ni 22.

Yetu ilisema 22 na 42. Namba 22 ni sensa ya joto la maji. Soketi ilikuwa imechomekwa vizuri, lakini waya mmoja umechomoka kwa nyuma, ukitazama juu juu huuoni. Kontroli boksi ikawa haijui kama injini ni ya baridi au ya moto, inakisia tu, na asubuhi kuwaka ikawa shughuli. Namba 42 ni alama ya spidi, kwa kuwa gia boksi nayo imebadilishwa na waya wa spidomita haujaungwa. Huyo hakuwa mchawi wetu wa siku ile, tukamwandika kwenye karatasi asubiri zamu.

Ukisharekebisha, chomoa fyuzi ya EFI kwa muda mfupi ili kumbukumbu ifutike, endesha, kisha soma tena. Kosa la zamani lisije likakuzungusha mjini bure.

PEPO LA KUPANDA NA KUSHUKA

Sasa lile la kunguruma lenyewe. Injini hii haipimi hewa inayoingia kwa mlango, inapima presha iliyomo ndani ya manifoldi. Hewa ya wizi ikiingia kwenye tundu, presha inapanda, kontroli boksi inadhani kuna kazi, inaongeza mafuta, mzunguko unapanda. Ukishapanda kupita kiasi huku akselereta imefungwa, mafuta yanakatwa. Mzunguko unashuka, mafuta yanarudi, ngoma inaanza upya. Pepo lenyewe ndilo hilo.

Kumtafuta mwizi, bana mipira kwa koleo taratibu, mmoja mmoja, huku injini inawaka. Ukibana mmoja na sauti ikatulia, umemshika. Kuna mafundi humwagia petroli kuzunguka manifoldi wasikilize. Tafadhali! Pembeni kuna ekzosi yenye taabo mbili za moto. Utapoteza gari na nyusi.

Tulikuta chuchu moja ya manifoldi imezibwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, imechanika. Na ule mpira mwembamba unaokwenda kwenye sensa ya presha ulikuwa na ufa. Huu ndio uliokuwa unaleta moshi mweusi na kunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi. Mbona taa haikuutaja? Kwa sababu sensa yenyewe ni nzima, inadanganywa tu. Taa inaona waya uliokatika, haioni mpira uliopasuka.

Tukaziba, tukabadili mpira. Gari likatulia. Kijana akataka kushangilia, nikamwambia subiri.

HAPA NDIPO INJINI INGEKUFA KWELI

Bado lilikuwa linakohoa likikanyagwa. Tukafunga geji ya presha ya mafuta, tukaiegesha nje ya kioo cha mbele kwa utepe. Usiingize bomba la petroli ndani ya gari, hata iwe kwa dakika moja! Kwenye injini ya taabo, upepo ukipanda, presha ya mafuta nayo lazima ipande. Yetu ilishuka.

Kumbe pampu ndani ya tenki ni ileile iliyokuwa inailisha 1G-FE isiyo na taabo. Umri zaidi ya miaka 30, na waya zake nyembamba zimechoka. Ni kama kumpa mama wa mapacha sahani ya mtu mmoja.

Hili si la kuchezea. Hewa nyingi na mafuta kidogo huleta joto la ajabu na mlipuko usio wa wakati wake. Pistoni hutoboka. Kijana angelazimisha wiki moja ya kukanyaga, utabiri wa fundi ungetimia. Na angenunua injini ya pili, akaifunga kwenye pampu ileile, akaiua nayo!

Ikabidi ipatikane pampu inayolingana na kazi, filta mpya, na waya mnene wenye rilei yake. Plagi nazo tukapunguza mwanya kutoka milimita 1.1 hadi 0.8, maana upepo wa taabo huzima cheche inayoruka mbali.

MAJI

Kuchemka kuna lugha yake. Likichemka kwenye foleni lakini likipoa barabarani, ulizia feni na upepo. Likichemka kwenye mwendo, ulizia rejeta na mzunguko wa maji. La kwetu lilikuwa la foleni: lile kava linalozunguka feni halikurudishwa kwa kuwa "halikuenea". Juu ya hapo kulikuwa na hewa iliyonaswa ndani. Pandisha pua ya gari, fungua hita, jaza maji polepole mfuniko ukiwa wazi, tangu injini ikiwa baridi, mpaka mapovu yaishe. Ikiwa ya moto, mfuniko huo usiuguse.

SWALI LA MKEWE

Pampu ilichukua siku kadhaa kupatikana. Alhamisi jioni gari likawaka, likatulia, likavuta bila kukohoa. Mkewe akaja gerejini na kanga yake begani, akasimama kimya, akasikiliza. Kisha akauliza neno moja tu: "Na breki je?"

Tukatazamana wanaume watatu.

Nikakanyaga pedali, ngumu kama jiwe. Tukafuata mpira wa utupu unaotoka manifoldi kwenda kwenye sevo ya breki. Wa zamani haukufika, fundi kaunga wa dukani. Ile vali ya njia moja, inayozuia upepo usirudi, ilibaki kwenye mpira wa zamani ndani ya ndoo ya skrapu. Maana yake, kila taabo zinapopuliza, upepo unaingia kwenye sevo na msaada wa breki unatoweka. Yaani gari linapokwenda kasi zaidi ndipo breki inapokuwa ngumu zaidi.

Tuliirudisha vali palepale, kisha tukapima. Injini izimwe, ukae dakika moja au mbili, ukanyage breki mara tatu. Ya kwanza iingie chini, ya pili na ya tatu zibaki juu zaidi na zaidi. Ikifanya hivyo, sevo imeshika. Lakini breki za farasi 135 bado si za farasi 280, kwa hiyo diski na pedi kubwa zaidi zimewekwa kwenye orodha, na mpaka zifike, mwendo ni wa bibi harusi.

Nenda pia TRA, kadi ya gari isomeke namba ya injini na ujazo mpya, na kampuni ya bima ijulishwe. Siku ya ajali si siku ya kuanza kueleza.

Mizigo ya Ijumaa je? Ilifunguliwa, kwa sharti. Funguo za Mark II anakaa nazo mkewe mpaka mfuko wa tofali ujae tena. Kijana anapanda daladala na anaweka akiba kila wiki. Majuzi nilimuuliza shemeji yangu huyo wa kike kama hajaijaribu hiyo 1JZ. Akacheka, akaficha uso kwa kanga.

"Mara moja tu, shemeji," akasema. "Usimwambie."

Tukutane wiki ijayo.