Coney Island: senti tano za mwananchi na mamilioni ya walanguzi wa ardhi

Wiki hii ukurasa huu unaweka kando bei za mazao na viwango vya kubadilishia fedha, na kutazama soko la namna nyingine: soko la furaha. Furaha nayo ni bidhaa. Ina mtaji wake, ina gharama zake, ina msimu wake kama korosho, na ina walanguzi wake. Hesabu za soko hilo zinasomeka vizuri sana Coney Island, ufukweni kusini mwa Brooklyn katika Jiji la New York, ambako watu wamekuwa wakilipia bembea na michezo ya aina hiyo kwa zaidi ya miaka 140.

Tunaandika habari hii kwa sababu ya swali moja ambalo halijapata jibu la kudumu. Je, kiwanja cha mjini chenye thamani ya mamilioni kiendelee kuwa mahali pa bembea, au kikabidhiwe mwekezaji mwenye fedha nyingi zaidi? Mwezi Septemba 2025 swali hilo liliulizwa tena Coney Island. Safari hii walioliuliza ni wawekezaji waliotaka kujenga kasino, na kamati iliyoundwa kusikiliza maoni ya wenyeji ikawakatalia. Kwa maoni yetu kamati hiyo ilifanya sawa, na historia ya mahali pale ndiyo shahidi wetu.

BIASHARA YA SENTI TANO

Mwaka 1884 mtu mmoja aitwaye LaMarcus Thompson alifungua pale reli fupi ya mbao yenye vilima na mabonde. Behewa liliteremka kwa mwendo wa kilometa 10 hivi kwa saa, yaani polepole kuliko baiskeli. Nauli ilikuwa senti 5, na watu walipanga foleni.

Wafanyabiashara wengine hawakuchelewa kuiona hesabu hiyo. Mwaka 1895 Paul Boyton alizungushia uzio eneo lake na kutoza kiingilio mlangoni, jambo lililokuwa geni wakati ule. Mwaka 1897 George Tilyou akafungua Steeplechase Park, iliyojulikana kwa farasi wa mbao waliokimbizana juu ya reli za chuma wakiwa na abiria mgongoni. Mwaka 1903 Frederic Thompson na mwenzake Elmer Dundy wakafungua Luna Park na kuipamba kwa taa zipatazo 250,000, wakati nyumba nyingi za watu wa kawaida hazijaona umeme. Mwaka mmoja baadaye William Reynolds, mfanyabiashara wa viwanja na majumba, akajibu kwa kufungua Dreamland, akijigamba kuwa na taa milioni moja.

Kati ya vivutio vya Luna Park kulikuwa na kimoja ambacho msomaji wa leo atashangaa kukisikia. Martin Couney aliweka pale watoto njiti ndani ya mashine za kuwapatia joto, na watazamaji wakalipa senti 25 kuingia kuwaona. Kiingilio hicho ndicho kilicholipa wauguzi, maziwa na mashine, na wazazi hawakudaiwa kitu. Hospitali nyingi za wakati ule hazikuwa na mashine hizo. Maonyesho hayo yaliendelea Coney Island hadi mwaka 1943, na watoto wengi waliokuwa wamekatiwa tamaa walikua wakawa watu wazima.

Tilyou naye alikuwa mfanyabiashara hasa. Mwaka 1907 Steeplechase ilipoteketea kwa moto, alitundika tangazo kwamba anayetaka kuona magofu yakifuka moshi alipe senti 10. Watu walilipa, na mwaka uliofuata akawa amejenga upya.

Mwaka 1916 Nathan Handwerker, aliyepata kuwa mwajiriwa katika mgahawa mkubwa wa Feltman, alifungua kibanda chake mwenyewe na kuuza mkate wenye soseji kwa senti 5, nusu ya bei ya tajiri wake wa zamani. Mwaka 1920 treni ya mjini ikafika ufukweni, nauli senti 5 vilevile. Mfanyakazi wa kiwandani aliweza sasa kuchukua mkewe na watoto, kuvuka jiji zima, kula, kupanda bembea na kurudi nyumbani bila kugusa fedha ya kodi ya nyumba. Magazeti ya miaka ile yalitaja umati wa watu milioni moja kwa Jumapili moja ya kiangazi. Haba na haba hujaza kibaba, na Coney Island ilijengwa kwa sarafu ndogo za watu wengi.

MOTO, KISHA MIPANGO

Adui wa kwanza alikuwa moto. Dreamland iliteketea usiku wa kuamkia siku ya kufungua msimu, Mei 1911. Haikuwa na bima ya kutosha, nayo haikujengwa tena. Luna Park iliungua mwaka 1944, na baadaye kiwanja chake kikajengwa majumba ya kuishi.

Hata hivyo, si haki kuutupia moto lawama zote. Baada ya vita ya pili ya dunia watu walinunua magari na kwenda fukwe za mbali zaidi. Televisheni iliwaweka nyumbani. Robert Moses, aliyekuwa na sauti kubwa katika mipango ya jiji, hakupenda bembea wala kelele zake, akasukuma eneo hilo ligeuzwe la makazi na bustani tulivu. Mahali palipokuwa Dreamland paliwekwa makumbusho ya samaki mwaka 1957. Wateja walipungua kweli, na anayesema Coney Island iliuawa na walanguzi peke yao anapotosha.

Lakini tazama kilichotokea Steeplechase. Ilifungwa mwaka 1964. Mwaka 1965 kiwanja chake kilinunuliwa na Fred Trump, mjenzi wa majumba na baba mzazi wa Donald Trump aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Mwaka 1966, kabla jengo kuu halijatangazwa kuwa mali ya kihistoria, aliandaa sherehe ya kulibomoa, na wageni waalikwa wakapewa matofali ya kurushia vioo vyake. Nia yake ilikuwa kujenga majumba ya ghorofa. Jiji lilikataa kubadili matumizi ya ardhi, naye mwishowe akaliuzia Jiji kiwanja hicho. Kwa miaka mingi eneo hilo lilikaa bila kazi ya maana, hadi uwanja wa besiboli ulipofunguliwa hapo mwaka 2001. Bembea ziliondoka, ghorofa hazikuja, na kizazi kizima kikakua kikitazama uwanja mtupu.

HESABU YA EKA MOJA

Kisa hicho kilijirudia. Palipokuwa na mgahawa wa Feltman palifunguliwa mwaka 1962 bustani ya burudani iliyoitwa Astroland. Mwaka 2006 kampuni ya Thor Equities ilinunua ardhi yake kwa dola milioni 30 hivi, ikiwa na mipango ya hoteli na maduka. Astroland ilifunga milango mwaka 2008. Mwaka 2009 Jiji lilipitisha mpango mpya wa matumizi ya ardhi, kisha likanunua kutoka kwa kampuni hiyo eka 6.9 kwa dola milioni 95.6.

Tupige hesabu kama wafanyabiashara. Bei hiyo ni karibu dola milioni 14 kwa eka moja. Tuseme tiketi ya mchezo mmoja ni dola 10. Eka moja ingehitaji tiketi milioni 1.4 kulipia ardhi peke yake, kabla ya kununua mashine, kulipa mishahara, bima na umeme. Kumbuka pia kwamba msimu wa Coney Island huanza karibu na Pasaka na kwisha vuli. Majira ya baridi hakuna anayepanda bembea kando ya bahari.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Bei ya ardhi ile haikupangwa na bembea. Ilipangwa na matumaini ya hoteli, ghorofa na kasino. Mwenye bembea akiingia katika mnada huo atashindwa kila mara, hata kama biashara yake ni nzuri na wateja wamejaa mlangoni. Kusema soko limeamua ni kusema nusu ya ukweli, kwa maana soko lililoamua ni la matumaini ya wanunuzi wa viwanja, si la wateja.

WALIOSALIMIKA

Vivutio viwili vikubwa vya kale vinafanya kazi hadi leo, na vyote vina jambo la kujifunza. Cyclone, reli ya mbao ya vilima na mabonde iliyofunguliwa mwaka 1927, ina urefu wa mita 26 kwenda juu na mteremko wa kwanza unaomtoa mtu pumzi. Jiji liliinunua mwaka 1969 kwa dola milioni moja. Palikuwa na mpango wa kuibomoa ili kupanua makumbusho ya samaki, wananchi wakaipigania, ikapona. Tangu mwaka 1988 inalindwa na sheria ya Jiji.

Wonder Wheel, gurudumu la mwaka 1920 lenye urefu wa mita 46, lina vyumba 24, na 16 kati yake huteleza ndani kwa ndani gurudumu linapozunguka. Deno Vourderis, mhamiaji kutoka Ugiriki aliyeanza kwa kuuza vyakula, alilinunua mwaka 1983, na familia yake ndiyo inayoliendesha. Lilipotimiza miaka 100 mwaka 2020 lilikuwa limefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, likafunguliwa tena mwaka 2021. Familia yenye mali yake na jina lake mlangoni huweza kuvumilia mwaka mbaya. Mlanguzi mwenye mkopo wa benki hawezi.

Kwa hiyo waliosalia ni wa aina mbili: mwenye mali anayeishi kwa kazi yake hiyo, na Jiji lililochukua ardhi na kumkodishia mwendeshaji. Mwaka 2010 Luna Park mpya ilifunguliwa kwa utaratibu huo wa pili. Kimbunga Sandy kiliifurika maji Oktoba 2012, na Machi 2013 ilikuwa imefunguliwa tena.

TATHMINI YETU

Wapo watakaosema si kazi ya serikali ya mji kununua viwanja vya michezo kwa fedha ya walipa kodi. Hoja hiyo ina uzito, na dola milioni 95.6 si fedha ndogo. Lakini linganisha na dola milioni moja ya mwaka 1969. Tukikubali kwamba dola ilishuka thamani sana katika miaka hiyo 40, na kwamba Cyclone ni kivutio kimoja tu, bado pengo ni kubwa mno. Kosa la Jiji tunaloliona ni kusubiri mpaka mlanguzi atangulie, kisha kununua kutoka mkononi mwake.

Kosa la pili ni kukabidhi eneo kubwa kwa mwendeshaji mmoja, hata baadhi ya wenye vibanda vidogo wa miaka mingi wakaondolewa. Coney Island ilikuzwa na watu kama Handwerker, aliyeanza na kibanda. Mikataba ya kukodisha ingepaswa kutenga nafasi kwa watu wa aina hiyo.

Habari njema ni kwamba mpaka sasa mtu anaingia bila kiingilio na kulipia mchezo anaoupanda tu. Baba asiye na kitu anaweza kutembea na wanawe kando ya bahari, akatazama gurudumu likizunguka, akalipia mchezo mmoja na kurudi na treni. Kasino ingepandisha bei ya kila kiwanja kinachoizunguka, na kibanda baada ya kibanda kingefuata njia ya Astroland. Kamati ya 2025 imelipatia Jiji nafasi. Ushauri wetu kwa Jiji ni kuitumia kabla mnunuzi mwingine hajaja: wenye vibanda wapewe mikataba mirefu, na vivutio vidogo visivyo na ulinzi wa sheria viandikishwe sasa.