Boma Halikadiriwi kwa Matofali Peke Yake

Kuna hoja inayosambazwa kwamba gharama ya boma hupatikana kirahisi: hesabu matofali ya kuta, zidisha kwa bei, kisha mara mbili. Hesabu tamu, ila haijawahi kufika saiti.

Msingi umesahauliwa. Tofali la inchi 6 likisimamishwa, mita moja ya mraba ya ukuta humeza takriban 9; likilazwa, kama ilivyo kawaida ya misingi mingi, 12 hadi 13. Kiwanja kikiwa cha mteremko, tuseme Goba au Kimara, upande wa juu waweza kutosheka na kozi 3, wa bondeni ukadai 10, na kifusi bado. Vyumba ni vilevile, mfuko mtupu!

Hiyo “mara mbili” nayo imeokotwa wapi? Nondo za lenta hazifuati bei ya tofali, wala ufundi.

Mwenye ramani aanze kwa mkadiriaji majenzi. Matofali yatasubiri.