Siku ya Mtoto: Feti ya Nyumbani Bila Kukopa

Ukurasa wetu wa familia unatoka hapa Rusizi, mji ambao wazee bado wanauita Cyangugu. Mwezi huu tumeulizwa na akina mama kadhaa neno lilelile: mtoto anaomba aniverseri, na nyumbani hata sukari ya chai hakuna. Tufanyeje?

Tunajua inatoka wapi. Watoto wanasoma pamoja na wenyeji, na wakirudi jioni wanasimulia kwamba mwenzao wa Kamembe alikatiwa keki, akaimbiwa, akapigwa picha na simu ya baba yake. Halafu wakati wa kula ndipo linakuja lile swali: "Mama, miye nilizaliwaka siku gani?" Wengi wetu tunajibu, "Wee ulizaliwaka wakati wa vita," na mtoto ananyamaza. Kwa maoni yetu swali hilo ni kubwa kuliko keki. Keki tutaifikia, lakini kwanza tuongee juu ya tarehe.

Angalieni karatasi zenu za uandikishaji. Katika familia nyingi utakuta watoto watatu au wanne, wote wamezaliwa tarehe 1 Januari, kama vile walikuwa wameagana. Mzazi akifika hajui siku, mwandikishaji anauliza mwaka, anaweka 01/01, mstari unasonga mbele. Foleni ni ndefu na mvua inanyesha, hatumlaumu mtu. Lakini mtoto ambaye siku yake ni siku ya kila mtu anaona kama hana siku.

Siku inaweza kutafutwa. Kaa na bibi yake, na shangazi, na jirani mliyekimbia naye. Usiwaulize "ilikuwa tarehe ngapi", hawatajua. Waulize: ilikuwa wakati wa mvua au wa jua? Maharagwe yalikuwa yamevunwa? Noeli ilikuwa imepita? Watoto wakubwa walikuwa wakienda shule au likizo? Kisha tafuteni jambo ambalo tarehe yake inajulikana, muhesabu kutoka hapo. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, ikalipuka tena Jumamosi jioni tarehe 22 Mei 2021. Tetemeko lile lililopiga Bukavu na huku Cyangugu lilikuwa Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, watu wakiwa kanisani. Vita vya Bukavu ambavyo wengi walivuka navyo Rusizi vilikuwa mwanzoni mwa Juni 2004. Kukimbia kwa Bukavu kwa karibuni ni Februari 2025, na kwa Uvira ni Desemba 2025. Mama akisema, "Mtoto alikuwa na wiki mbili wakati mlima ulipowaka," basi tayari mko karibu sana.

Wakati mwingine jina lenyewe linasema. Mwavita alizaliwa vitani, Safari alizaliwa njiani, Noela hana haja ya kuulizwa. Wazazi wetu hawakuwa na kalenda ukutani, lakini walijua kuandika tarehe ndani ya mtoto.

Mkipata mwezi na siku haipatikani, mwacheni mtoto achague siku moja ndani ya mwezi huo, iandikwe ndani ya Biblia, au Kurani, au daftari ambalo hamtalipoteza. Hiyo ni siku ya nyumbani. Hapa tunaomba tueleweke vizuri: msianze kutoa tarehe mpya shuleni, tarehe nyingine hospitalini, na nyingine kwa waandikishaji. Karatasi zikipingana, mtoto ndiye atakayesumbuka siku ya mtihani au siku ya kuhojiwa kwa ajili ya safari. Mkiwa na ushahidi, kama kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, pelekeni mahali pa uandikishaji muombe kurekebishiwa kwa utaratibu. Na kwa mama mwenye mimba: tangu Agosti 2020, hapa Rwanda kuzaliwa kunaandikishwa palepale kwenye hospitali au kituo cha afya. Kabla ya kurudi nyumbani uliza kama jina la mtoto limeingizwa. Usione haya kuuliza mara mbili.

Sasa tuje kwenye feti.

Keki inawezekana bila oveni. Utahitaji sufuria kubwa yenye kifuniko na sufuria ndogo inayoingia ndani yake. Mwaga mchanga safi na mkavu ndani ya ile kubwa, kina cha vidole viwili, uiweke kwenye makala ipate moto vizuri. Chukua unga wa ngano vikombe 2, sukari nusu kikombe, levire ya keki vijiko 2 vya chai, chumvi kidogo, mafuta robo kikombe, mayai 2, na maziwa au maji kama robo tatu ya kikombe. Mayai hakuna? Ndizi mbivu sana moja iliyopondwa inachukua nafasi ya yai moja, ila hapo punguza maji. Paka sufuria ndogo mafuta, mimina, iweke juu ya mchanga, funika, na juu ya kifuniko weka makala machache ya moto. Hayo ya juu ndiyo yanayofanya keki iive usoni. Usifunue kabla ya nusu saa, hata watoto wakikusukuma. Baada ya dakika 40 au 50 choma kijiti katikati, kikitoka kikavu basi imeiva.

Hiyo ni kwa mwenye uwezo wa hivyo vyote, na tunajua si kila mwezi. Mandazi madogo yaliyopangwa kama mlima kwenye sinia yanamfurahisha mtoto sawasawa, na yanagawanyika vizuri zaidi kuliko keki, kwa sababu kila mtoto anaona ameshika lake zima. Chapati nne au tano zilizopangwa moja juu ya nyingine, katikati zimepakwa ndizi iliyopondwa, unazikata kama keki na hakuna anayelalamika. Ukikosa unga kabisa, pika wali wa Bugarama kikombe kimoja zaidi ya kawaida, na sambaza wa kukaanga. Hapo una na hadithi ya kuwasimulia watoto wakila. Sambaza hawa hawakuwa wa ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakatiwa ziwani, wakazaana, na leo nani anasema si wa hapa?

Mshumaa tunaomba usiwashwe ndani. Nyumba zetu zina mashiti, mablanketi na vitu vimebanana, na watoto ishirini wakisukumana inatosha dakika moja. Uwashe nje, au tumia tochi: mtoto anapuliza, mkubwa anazima. Wadogo wanacheka sana kwa mchezo huo, jaribuni. Karanga nzima msiwape walio chini ya miaka mitano, zinaweza kuwapalia. Na baluni, kama mmepata, vipande vilivyopasuka viokotwe mara moja, maana kichanga anaviweka mdomoni.

Mapambo msinunue. Majani ya mgomba, maua ya kando ya njia, makaratasi ya daftari la mwaka jana yaliyokatwa na kufungwa kwenye uzi. Waliofika karibuni wajue kwamba mifuko ya plastiki imekatazwa Rwanda tangu 2008, kwa hiyo wasiifanye mapambo.

Kuna na ile desturi ya kumwagia maji mwenye siku yake. Vijana wanaipenda. Kwetu sisi, mtu aliyepanga foleni na bidoni tangu alfajiri akiona maji hayo yanamwagwa kichwani mwa mtoto, moyo unamuuma. Kikombe kimoja kinatosha kuchekesha watu.

Mzigo mkubwa wa feti ya kambini si chakula, ni wageni. Ukiimba wimbo mmoja tu, watoto arobaini wako mlangoni, na huwezi kuwafukuza. Ndiyo maana wazazi wengine wanafanya kimya kimya ndani, mtoto wao anakula akijificha, na hiyo si feti. Sisi tunapendekeza njia nyingine: wazazi wa mstari mmoja wa nyumba waorodheshe watoto wote wa mwezi, wafanye siku moja ya wote. Huyu analeta unga kikombe, yule sukari, mwingine makala, asiye na kitu analeta mikono na hadithi. Watoto sita wanasimama mbele, kila mmoja anatajwa kwa jina na tarehe yake. Wale wa 01/01 nao wanatajwa kwa siku yao ya nyumbani. Wako majirani ambao dini yao haiadhimishi siku ya kuzaliwa. Wasisukumwe, na watoto wao wasichekwe.

Kuna jambo tunaloweza kuazima kwa wenyeji wetu. Wanyarwanda, mtoto akifikisha siku nane, huwaita watoto wa jirani, wanawapa chakula kinachoitwa ubunnyano, kisha kila mtoto anapendekeza jina la yule mchanga. Wakubwa wanasikiliza. Siku ya aniverseri fanyeni mfano wake: watoto wale kwanza, halafu kila mmoja aseme neno moja zuri analolijua juu ya mwenye siku yake. "Anajua kudaka mpira." "Aliniazimaga kalamu." Utashangaa mtoto wako anavyojulikana nje kuliko unavyomjua wewe.

Zawadi? Mpira wa majani ya mgomba uliofungwa vizuri kwa kamba, gari la waya, mwanasesere wa vitambaa. Lakini ile wanayoiomba kila mwaka ni habari ya siku yenyewe. Baba au mama amkalishe karibu amweleze: mvua ilikuwa inanyesha, shangazi yako ndiye aliyekupokea, ulilia kwa sauti kubwa mpaka jirani akacheka, bibi yako alisema unafanana na babu. Milio ya risasi inaweza kungoja akue. Usimdanganye akiuliza, lakini si lazima ianze na risasi.

Na wale ambao siku yao ni chungu? Hapa hatuna jibu moja. Yuko mtoto ambaye mama yake alifariki akimzaa, na siku ileile nyumba ina kilio. Yuko aliyezaliwa siku ya kukimbia. Yuko anayelelewa na familia nyingine, hana mtu wa kumsimulia, na karatasi inasema 01/01. Kwa huyu wa mwisho, chagueni pamoja naye. Siku aliyoingia nyumbani kwenu inaweza kuwa siku yake. Isherehekewe kama ya wengine, mandazi yasipungue hata moja. Kwa aliyempoteza mama, tumeona familia zikitenga asubuhi kwa ajili ya mama, maombi na jina lake kutajwa, na jioni ikawa ya mtoto. Wengine walihamisha sherehe siku ya pili yake. Mwulizeni mtoto mwenyewe, hata wa miaka saba ana neno. Akisema mwaka huu hataki, mwacheni, ila tarehe muikumbuke na mumwambie asubuhi kwamba mnaikumbuka.

Familia zingine zinapita tu hapa Rusizi kabla ya kupelekwa kambi za mbali, Kiziba au Mahama au kwingineko. Mkipanga mizigo, lile daftari la tarehe lisibaki chini ya kitanda. Liwekeni pamoja na karatasi za uandikishaji na kadi za chanjo, kwenye mfuko ambao mama anaubeba mwenyewe.

Mwezi ujao tutaongea juu ya vijana wanaokataa kurudi shule baada ya likizo. Mwenye michezo ya watoto ya kwao, ya Fizi, ya Walungu, ya Kalehe, ituandikieni namna inavyochezwa, hata kwa nusu ukurasa, na wale wasioandika wamtume mtoto atuonyeshe.