King'ora cha Baiskeli Si Hukumu

Siku hizi katika mji wa Moshi kuna mlio ambao umezoeleka kama wa jogoo. Ni mlio wa alamu. Zamani alamu ilikuwa ya benki na ya gari la mkubwa. Baadaye pikipiki za abiria zikaja nayo, na sasa hata baiskeli ya muuza maziwa imefungwa kidude cha plastiki kisichozidi kiganja, chenye betri ndani na rimoti ndogo ya kuning'iniza kwenye funguo. Baiskeli ikiguswa, kidude hupiga kelele. Wengi huona hayo ni maendeleo. Mimi sipingi maendeleo. Ninachopinga ni tabia ya kufunga chombo hicho, kukisahau, na kuwaachia wengine mzigo wa kelele zake. Napenda niseme wazi tangu mwanzo: mwenye alamu mbovu ni hatari zaidi mtaani kuliko asiye na alamu kabisa.

Asije msomaji akadhani kwamba naudharau wizi wa baiskeli. Kwa mtu wa tambarare, tuseme Kahe au Mabogini, baiskeli ni shamba la pili. Hiyo ndiyo inayobeba madumu ya maji, mpunga, na mizigo ya majani ya ng'ombe kwa ajili ya watu wa mlimani, ambao hufugia zizini kwa sababu vihamba vimebanana na malisho hakuna. Anayepanda nayo Kibosho au Old Moshi huisukuma zaidi ya anavyoiendesha, jasho likimtoka, akitumaini kuteremka jioni na mkungu wa ndizi nyuma kwenye keria. Mtu huyo akiibiwa baiskeli hajapoteza chuma na mipira tu. Amepoteza mtaji, na nyumbani kwake watoto watalijua hilo kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo simlaumu anayetafuta kinga. Anayo haki, tena ana sababu.

Lakini tujiulize, alamu inafanya nini hasa? Haina mikono. Haishiki gurudumu wala haimzuii mwizi njiani. Ndani yake kuna kifaa kinachohisi mtikisiko. Katika alamu za bei nafuu mara nyingi ni springi nyembamba iliyozunguka kijiti cha chuma. Baiskeli ikitikisika springi hugusa kijiti, umeme hupita, king'ora hulia. Basi. Kifaa hicho hakimtambui mwizi na hakimtambui mwenye mali. Hakijui tofauti kati ya mkono wa mtu, upepo, na mbuzi anayejikuna. Uwezo wake unaishia katika kuita watu. Kazi iliyobaki yote ni ya watu: kugeuka, kutazama, kuuliza.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu haikupulizwa kwa mchezo. Aliyeipuliza alijua kwamba watu wataacha majembe na vyungu jikoni, nao watakuja wakimwamini. Sasa sisi tumeitia mbiu ndani ya plastiki, tukaipa betri, tukaiacha ilie yenyewe bila mpulizaji. Ikilia mara kumi bila jambo, watu wanaacha kugeuka. Hiyo ni hasara ya kwanza. Hasara ya pili ni kubwa zaidi, nayo huja siku watu wanapogeuka bila kuuliza.

Niliona kwa macho yangu, karibu na soko moja la hapa mjini. Kijana mmoja alikuwa ameegemeza baiskeli yake juu ya nyingine, kama watu wafanyavyo pale nafasi ikiwa finyu. Aliporudi kuichukua akainua ya kwake, na ile ya chini ikatikisika. King'ora kikalia. Mtu mmoja, sijui nani, akatamka neno moja: "Mwizi!" Halikuhitajika la pili. Ngumi zilianza kabla ya swali. Mwenye baiskeli alikuwa kibandani anakunywa chai. Alitoka akibonyeza rimoti, na rimoti ilikuwa imekufa betri. Kwa hiyo king'ora kikaendelea kulia, na kadiri kilivyolia ndivyo watu walivyozidi kuongezeka, na kila aliyefika alikuta kesi imekwisha kusikilizwa. Aliyemwokoa kijana yule alikuwa mama muuza ndizi. Alijitupa katikati na kupaza sauti, "Mwacheni mwanangu! Baiskeli yake ni hii hapa, nimemwona akifika nayo!" Watu wakarudi nyuma mmoja mmoja, kila mtu akijifanya hakuwapo. Kijana alibaki amekaa chini, damu mdomoni. Mwenye alamu, baada ya kuing'oa betri kwa kucha, aliwaambia waliokuwa karibu, "Mangi, ila alamu imefanya kazi yake."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Imefanya kazi gani? Mwizi hakuwapo. Mali haikuguswa kwa nia mbaya. Kilichotokea ni kwamba chombo cha mtu mmoja kiliwaita watu hamsini kumpiga mtu asiye na kosa, na mwenyewe hakuwa na uwezo wa kukinyamazisha.

Wala tusijidanganye kwamba jambo hili ni dogo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika ripoti zake za miaka ya 2010, kilihesabu mamia ya watu waliouawa kwa mwaka na makundi yaliyojichukulia sheria mkononi katika nchi yetu. Wengi wa watu hao walishukiwa wizi tu. Katiba yetu ya mwaka 1977 inatambua haki ya kila mtu ya kuishi katika ibara ya 14, na ibara ya 13 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Hata sungusungu, waliopewa nguvu ya kisheria mwaka 1989, hawakupewa ruhusa ya kuua. Iwapo sheria imemnyima binadamu mwenye akili mamlaka hayo, itakuwaje tumpe springi na betri mbili?

Sasa tuje kwenye utunzaji, maana wengi husema alamu ni kidude tu, hakina matunzo. Si kweli. Alamu iliyowashwa haijalala. Hata ikiwa kimya inasikiliza, na kusikiliza huko kunakula betri kidogo kidogo. Betri ikichoka, hatari yake si kwamba alamu itanyamaza tu. King'ora huvuta umeme mwingi kwa mara moja, na betri dhaifu ikishindwa kuutoa, chombo huweza kuzima na kuwaka chenyewe, au kulia huku hakisikii tena rimoti. Rimoti nayo ina betri yake, mara nyingi ile ya mviringo bapa kama ya saa, ambayo watu husahau kabisa kwamba ipo. Ndiyo iliyomponza kijana wa sokoni.

Mwingine hubadili betri moja na kuiacha ya zamani. Hilo ni kosa. Iliyochoka hulemewa na mpya, kisha huvuja, na majimaji yake hula vibati vya ndani. Mwingine hufunga alamu kwenye madigadi au keria, mahali panapocheza kwa kila jiwe, kisha anashangaa ikilia lori linapopita. Mahali pake ni kwenye fremu, chini ya kiti, ikiwa imekazwa kwa skrubu na kipande cha mpira, tundu la sauti likielekea chini ili maji ya masika yasituame ndani. Kipo pia kitufe cha kupunguza wepesi wa kuhisi. Wenye kukigusa ni wachache. Na wanaoishi juu, ambako usiku wa Julai ni baridi, wajue kuwa baridi hudhoofisha betri. Wapagazi wa Kilimanjaro wanalijua hilo siku nyingi: huko juu karibu na Kibo watu hulala na betri za tochi ndani ya nguo ili zisife alfajiri.

Je, hayo ni mengi mno? Kwetu mlimani tumerithi mifongo, mifereji iliyochimbwa na mababu kuleta maji vihambani. Mfongo hausafishwi na aliye jirani na chanzo peke yake. Siku ya kazi ikitangazwa, kila anayetumia maji hutoka na jembe, na asiyetoka hutozwa faini. Hakuna anayesema, "Mimi nilishiriki kuchimba, matunzo ni ya wengine." Kila mmoja anajua kwamba uzembe wake utamkausha mtu wa chini asiye na kosa. Alamu ni hivyo hivyo. Ukiitundika mahali pa watu, si yako peke yako tena. Umewatia watu wote katika ulinzi wa mali yako bila kuwaomba, kwa hiyo una deni kwao.

Nitaambiwa kwamba natetea wezi. Hapana. Alamu inayolia ovyo ndiyo inayowatetea wezi, kwa sababu inawazoesha watu kupuuza. Mwizi mjuzi hutikisa baiskeli mara tatu, akajificha, akamwacha mwenyewe atoke na kuizima kwa hasira. Mara ya nne anaondoka nayo kimya. Nitaambiwa pia kwamba betri ni ghali kwa mtu maskini. Najibu kwamba anayenunua ng'ombe hununua na majani yake. Asiyeweza kuilisha alamu afunge mnyororo mnene na kufuli kwenye nguzo, maana huo haumwiti mtu na haumpigi mtu. Tena hata mwenye alamu hana budi kufunga mnyororo, la sivyo baiskeli itaondoka na kelele zake. Na kila mwenye baiskeli aandike namba iliyogongwa kwenye fremu na kutunza risiti. Karatasi hiyo itamsaidia polisi kuliko king'ora.

Wauzaji nao wasikwepe. Ukimuuzia mtu alamu, mfungulie mfuniko, mwonyeshe betri zote mbili, ya chombo na ya rimoti, na umwambie azijaribu kila wiki mchana, majirani wakijua. Mwenye baiskeli asiiwashe kisha akaenda mahali asipoweza kuisikia. Ikilia, yeye awe wa kwanza kufika, na kazi yake ya kwanza iwe kuinyamazisha, ili watu wasikilizane.

Na sisi tunaoitwa tugeuke, kwa maana kutogeuka ni kumwacha jirani aibiwe. Lakini tukigeuka tuulize: baiskeli ni ya nani, huyu ni nani, nani amemwona? Tukiona shaka, tumshike bila kumdhuru na kumpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa au kituoni. Mama yule wa ndizi hakuwa na mamlaka yoyote wala elimu ya sheria. Alikuwa ametazama tu, wakati wengine wote walikuwa wamesikia tu.