Presha ya Bibi na Chungu cha Nyumba Nzima

Si jambo geni katika Visiwa vyetu kusikia kuwa bibi wa jirani ameanguka ghafla, mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki. Wako wanaosema ni upepo mbaya. Madaktari husema ni kiharusi, na mara nyingi chanzo chake ni presha iliyokaa mwilini miaka mingi bila ya maumivu yoyote.

Wanaohofiwa sana ni akina mama waliopita umri wa kuzaa, hasa walionenepa. Umri huikakamaza mishipa ya damu. Unene huulazimisha moyo kusukuma damu nyingi zaidi, na figo nazo huzuia chumvi na maji kupita kiasi. Lakini kwetu unene wa mwanamke ungali ukihesabiwa kuwa dalili ya kutunzwa, hata mama akipungua mwili majirani huulizana ana dhiki gani.

Katika vituo vya afya nasaha hutolewa: bibi, punguza chumvi, punguza mafuta. Nasaha hizo ni sahihi, ila anayeambiwa siye anayeshika mwiko. Bibi wa miaka 65 aghalabu hula anachopakuliwa na binti yake au mkaza mwana wake, kutoka chungu kimoja na wajukuu. Akitaka chake peke yake huonekana anadeka. Basi hunyamaza, akala.

Na chumvi haiingii chunguni kwa mkono wa mpishi tu. Huingia na papa mkavu, na ng'onda, na vidonge vya supu vya dukani. Na mezani huwapo achari na mkate. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Papa akirowekwa na maji yakamwagwa, sehemu kubwa ya chumvi hutoka. Tena ni ajabu kwamba Visiwa vilivyojulikana duniani kwa viungo vyake vitegemee kidonge cha dukani ili mchuzi upate ladha, ilhali ndimu, ukwaju, thomu na tangawizi vimo sokoni.

Hatusemi bibi ashindishwe njaa. Mwili wa mzee ukinyimwa samaki na kunde hupoteza nyama pamoja na mafuta, naye akadhoofika miguu. Wali wa nazi upungue sahanini, mchicha na mbaazi viongezeke, na sukari ya chai ipunguzwe. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kwanza.

Faida yake si ya kubahatisha. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 1998 uliwafuata wazee 975 wa miaka 60 hadi 80 waliokuwa wakitumia dawa ya presha. Wanene waliopunguza chumvi pamoja na uzito, nao ni wastani wa kilo 4 hivi, ndio waliofanikiwa zaidi kukaa bila ya dawa. Hayo yalifanyika chini ya macho ya madaktari. Mtu asizitupe dawa zake kwa kusoma gazeti.

Tunaigeukia Serikali. Mwaka 2016 ilianzisha Pensheni Jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70, hatua ya kusifiwa. Kwa hiyo wazee hao wanajulikana kwa majina, na masheha wanazijua nyumba zao. Wizara ya Afya isingoje waletwe hospitali wamebebwa. Mfanyakazi wa afya awafuate majumbani na mashine ya presha, na kipimo kikionekana kufika 140 kwa 90 siku mbalimbali, azungumze na anayepika, bibi akiwapo. Wenye viwanda vya vyakula nao watakiwe kuonyesha kiasi cha chumvi kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Kazi ianze katika shehia za mbali na mji, za Micheweni na Makunduchi, kabla ya Ramadhani ijayo, mwezi ambao karai la mafuta halitoki jikoni.