Ukungu Bafuni: Ni Kosa la Nani?



Majengo ya kupangisha yanachipuka kama uyoga pande zote za Nairobi na vitongoji vyake, kutoka Kasarani hadi Rongai, kutoka Ruaka hadi Kikuyu. Ghorofa ya tano inamiminwa zege ilhali ya kwanza imekwisha kupata wapangaji. Familia inalipa kodi ya mwezi pamoja na amana, inahamia kwa furaha kwamba sasa ina bafu lake yenyewe, lenye vigae na shawa ya maji moto, baada ya miaka mingi ya kupanga foleni kwenye bafu la ploti. Miezi mitatu haijaisha, dari ya bafu hilo imeota vidoa vyeusi. Mwenye nyumba akiitwa, jibu lake huwa moja: nyinyi mnaoga maji moto mno, wala hamfungui dirisha.

Ningependa tulichunguze jibu hilo, kwa maana ndani yake mna ukweli kidogo na dhuluma kubwa.

Ukweli wenyewe ni huu. Lugha yetu imeuita umande wa hewani ukungu, na uchafu mweusi wa ukutani ikauita ukungu vilevile. Wazee waliotuachia lugha hawakukosea, kwani wa pili ni mtoto wa wa kwanza. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 yaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke. Hewa hiyo ikigusa ukuta wenye nyuzi 15 na kupoa, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13. Zilizobaki hazina budi kugeuka maji na kutiririka juu ya vigae. Mwezi wa Julai, wakati kuta za nje zimelala kwenye baridi usiku kucha, watu watano wakioga asubuhi mmoja baada ya mwingine, hesabu hiyo hujifanya yenyewe. Hata hivyo mvuke ukipata njia ya kutoka, ukuta hukauka kabla ya adhuhuri na ukungu haupati makao.

Swali la haki laanzia hapo: njia hiyo iko wapi? Nendeni mkatazame. Katika majengo mengi bafu halina dirisha kabisa, au lina kidirisha kinachofunguka kwenye kishimo kilichobanwa kati ya kuta nne, ambamo hewa haisogei. Mahali pengine pamewekwa feni ya kutolea hewa, lakini nyuma yake hakuna bomba la kuifikisha nje, basi inauzungusha mvuke ule ule juu ya dari. Mpangaji anaambiwa afungue dirisha ambalo mwenye nyumba hakulijenga.

Zaidi ya hayo, nyumba mpya huja na maji yake. Zege, chokaa ya kuunganishia mawe na plasta vyote huchanganywa kwa maji, na maji hayo hayatoki kwa siku moja. Mafundi hukadiria kwamba zege huhitaji takriban mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene ili likauke, tena katika hali nzuri ya hewa. Mjenzi mwenye haraka ya kupokea kodi hupaka rangi ya mafuta juu ya plasta mbichi, na maji yanafungiwa ndani. Rangi inavimba, inabambuka, ukungu unatokea. Bwana wetu alipotaja makaburi yaliyopakwa chokaa hakuwa akifundisha ujenzi, lakini mfano wake unafaa.

Je, ni jambo dogo? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya unyevu na ukungu majumbani, likaeleza kwamba wakaao humo huzidiwa na maradhi ya njia ya hewa, na kwamba pumu huwa kali zaidi. Na mwezi wa Desemba 2020, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, alifariki mtoto Awaab Ishak, mwenye umri wa miaka miwili, mwana wa familia iliyotoka Sudan. Nyumba yao haikuwa mpya, ila ukungu ulikuwa umetanda jikoni na bafuni. Baba yake alikuwa ameulalamikia tangu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Mnamo Novemba 2022 afisa wa uchunguzi wa vifo aliamua kwamba ukungu huo ndio uliomletea mtoto ugonjwa wa kupumua uliomwua. Wenye nyumba nao walikiri kwamba walikuwa wameidhania familia mambo juu ya namna yake ya kuishi. Hilo ndilo jibu lile lile la Kasarani na Rongai! Bunge la nchi ile lilipitisha sheria mwaka 2023, na tangu tarehe 27 Oktoba 2025 wenye nyumba za kijamii huko Uingereza wanapaswa kuchunguza unyevu wa hatari katika siku 10 za kazi, na wa dharura katika saa 24.

Wengi watashangaa kwamba Maandiko Matakatifu yana sura juu ya jambo hili. Katika Walawi 14, mtu aonaye madoa ya kijani au mekundu katika kuta za nyumba yake humwita kuhani. Kuhani huamuru vyombo vitolewe, hukagua, hufunga nyumba siku saba, hurudi. Madoa yakiwa yameenea, mawe yenye ugonjwa hung'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta hukwanguliwa, plasta mpya huwekwa. Yakirudi tena, nyumba hubomolewa. Angalieni: hakuna mahali kuhani anapouliza watu wa nyumba ile huoga mara ngapi, wala hapaki chokaa juu ya doa. Nami nimealikwa kubariki nyumba mpya ambamo harufu ya unyevu ilinipokea mlangoni kabla ya wenyeji, nikawaza kwamba kuhani wa kale angetaka kwanza kuona dirisha la bafu.

Mpangaji naye ana wajibu wake, nao si mzito. Baada ya kuoga, afungue dirisha na kuufunga mlango wa bafu ili mvuke usihamie vyumba vya kulala. Afute maji vigaeni. Asianike nguo bafuni ikiwa pana mahali pengine. Vidoa vya juu ya vigae huondoka kwa sabuni na jiki, lakini jiki isichanganywe kamwe na dawa kali ya choo, kwani hutoa hewa ya sumu. Juu ya plasta, jiki huondoa weusi tu, mizizi hubaki.

Na asikubali kulaumiwa kabla ya uchunguzi. Ukuta ukaushwe kwa kitambaa, kipande cha nailoni kibandikwe juu yake pande zote, kiachwe siku mbili. Maji yakionekana upande wa ndani, ulioelekea ukuta, unyevu watoka ukutani: bomba linavuja au plasta haijakauka. Yakionekana upande wa nje, yametoka hewani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yafaayo na kiwango cha kuridhisha cha usafi. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inamwezesha afisa wa afya kumwamuru mwenye nyumba aondoe jambo linalodhuru afya. Wapangaji kumi wa jengo moja wakiandika barua moja, yenye tarehe na picha, ni vigumu kuipuuza kama malalamiko ya mama mmoja mlangoni.

Lakini barua hiyo itamfikia nani? Tusijifiche. Baadhi ya wenye majengo haya huketi nasi katika halmashauri za parokia, na parokia kadhaa zina nyumba za kupangisha zinazosaidia kulipa gharama za kanisa. Naomba basi kila kamati ya Haki na Amani ikague kwanza nyumba za parokia yake, bafu kwa bafu, kabla ya baridi ya Juni, na taarifa isomwe mbele ya halmashauri wapangaji wakiwepo.