Pambo la Buluu Kabatini

Kwenye kabati la vioo mlangoni mwa idara yetu ya kemia, hapa Katanga, kuna kitu cha buluu kinachofanana na sega la nyuki. Kila mgeni akija huoneshwa. Huambiwa kwamba kimechapwa kwa printa ya 3D, kwamba ni kiunzi cha metali-oganiki, na kwamba viunzi vya namna hiyo ndivyo vilivyowapatia Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025. Mgeni hupiga picha, kisha huenda zake. Mimi nasema kitu kile ni pambo tu, na nitaeleza kwa nini, hata kama wapo watakaoninunia.

Kiunzi cha metali-oganiki hujengwa kwa chembe za metali zilizounganishwa na molekuli zenye kaboni, kama nguzo na boriti za nyumba isiyo na kuta. Thamani yake yote imo katika uwazi uliobaki katikati. Hiki chetu ni cha aina iitwayo HKUST-1, iliyotangazwa na watafiti wa Hong Kong mwaka 1999: shaba na asidi ya trimesi, basi. Gramu moja ya unga wake ina uso wa ndani unaozidi mita za mraba 1,000, na humo ndimo gesi au mvuke wa maji hunaswa. Ukiviziba vyumba hivyo unabaki na nini? Chumvi ya shaba ya bei ghali.

Sipingi kuchapa. Unga mtupu ni shida: ukiujaza kwenye bomba, hewa haipiti vizuri, ukiushindilia kwa nguvu uwe vidonge, vyumba vyenyewe vinaweza kuporomoka. Ndiyo maana watu huuchanganya na gundi na kimiminika, wakapata rojo zito la kukamuliwa kwa sindano, tabaka juu ya tabaka. Aliyewahi kusonga bukari anajua ugumu ulipo: ikiwa nyepesi haisimami, ikiwa nzito haisogei. Basi gundi huongezwa ili umbo lisimame, na gundi hiyo hiyo huingia vyumbani au hufunga milango. Mfinyanzi ana njia ya kutokea. Huchoma chombo kwa moto mkali, gundi ikaungua, udongo ukabaki. Sisi hatuna moto huo, kwa sababu HKUST-1 ikikaribia nyuzi 300 za Selsiasi huharibika yenyewe. Hilo wageni hawaambiwi.

Nilipouliza sega letu linanasa maji kiasi gani, nilijibiwa kwamba hatuna mashine ya kupimia. Ni kweli kwamba kipimo kamili hutumia nitrojeni katika nyuzi 196 chini ya sifuri, na kifaa chake si cha bei ya printa ya mezani. Lakini kutokuwa na kifaa hicho si sababu ya kutopima chochote. HKUST-1 hujisema yenyewe: ikiwa na maji ni buluu ya anga, ikikauka vizuri huwa buluu iliyokoza, karibu na zambarau. Mimi na mwenzangu tuliokota kipande kilichovunjika, tukakikausha kwenye oveni pamoja na unga usiochapwa, tukavipima ndani ya chupa zilizofunikwa, tukaviacha kwenye hewa yenye unyevu usiku kucha, tukavipima tena. Unga ulikoza rangi ulipokauka, ukaongezeka uzito asubuhi. Kipande kilibaki kimepauka, na ongezeko lake, hata baada ya kuondoa hesabu ya gundi, halikufika nusu ya lile la unga. Labda kipande kimoja hakitoshi kuwa ushahidi. Basi pimeni vingine! Mizani ipo, oveni ipo.

Rafiki yangu wa uhandisi husema kwanza tujifunze umbo, vipimo vitafuata. Vitafuata lini? Mwaka wa pili huu tunachapa vishikio vya funguo na herufi za jina la chuo. Shaba inachimbwa karibu nasi, malori yake tunapishana nayo barabarani kila siku, lakini chupa ya nitrati ya shaba tunayotumia maabara ina anwani ya ng'ambo. Tulishazoea kutoa jiwe na kupokea bidhaa. Sasa tunapokea hata maswali yakiwa yameshaulizwa na wengine, kazi yetu ikabaki kubonyeza kitufe na kusimama kando ya mashine ili tupigwe picha.

Mwalimu wetu mmoja aliliona daftari la vipimo, akalisoma kwa makini, kisha akatuomba tusibandike chochote mpaka wageni wa mwezi huu waondoke. Waliondoka Jumanne. Nimeyanakili matokeo kwenye karatasi moja na kuikunja mara mbili, ienee kabatini kando ya sega. Kilichobaki ni ufunguo, na ufunguo anao yeye.